Damu Ikitoa Ushahidi

Mionzi ya sesiamu haina rangi wala harufu. Mtu aweza kulala nayo chumba kimoja asitambue lolote, hata siku aanzapo kutapika. Watumishi wa vyumba vya eksirei huvaa kifuani kipimo kidogo kinachoweka hesabu ya mionzi iliyowapata. Je, asiye nacho atapimwaje baada ya msiba kutokea?

Swali hilo liliwakabili waganga wa mji wa Goiânia, nchini Brazili, mwaka 1987. Waokota vyuma wawili waliingia katika zahanati iliyohamwa, wakang'oa kipande cha mashine ya kutibia saratani, wakamwuzia mwenye duka la vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwamo sesiamu 137, unga wa gramu 93 hivi. Usiku uling'aa kwa rangi ya buluu, na jamaa na majirani wakagawana. Tusiwacheke, nani kati yetu asingeustaajabia? Tarehe 29 Septemba mtaalamu alipofika na chombo chake, mshale ulikwenda hadi mwisho, naye akadhani chombo kimeharibika, akarudi kuchukua kingine.

Watu wapatao 112,000 walipimwa, na 249 wakaonekana wamepatwa na unga huo. Lakini chombo huonyesha unga ulipo. Hakisemi mwili umekwisha kudhurika kiasi gani. Hapo ndipo damu ilipotwaliwa.

Katika kila chembe nyeupe ya damu mna kromosomu, nyuzi zibebazo urithi wetu. Mionzi huzikata, na vipande hujiunga ovyo, hata uzi mmoja ukawa na mafundo mawili badala ya moja. Damu hukuzwa maabarani kwa joto la mwili muda wa saa 48, kisha mtaalamu hukaa kwenye hadubini akihesabu chembe mamia kwa mamia. Kwa mtu wa kawaida, kasoro hiyo huonekana katika chembe moja hivi kwa elfu. Idadi inayopatikana hulinganishwa na ile ya damu iliyopigwa mionzi ya kiasi kinachojulikana. Askari polisi watakumbuka alama za vidole: kazi ni ile ile ya macho na subira.

Kipimo cha mionzi iliyonywewa na mwili huitwa grei. Watu 21 walikadiriwa kupata zaidi ya grei 1, na wanane kati yao zaidi ya grei 4. Wanne walifariki mwezi wa Oktoba, mmojawapo mtoto wa kike wa miaka sita aliyekula chakula kwa mikono yenye unga ule.

Mke wa mwenye duka naye alifariki. Kadirio lake lilikuwa grei 5.7. Mumewe alikadiriwa grei 7, naye akapona. Wataalamu walieleza kwamba mume alikuwa akitoka nyumbani mara kwa mara, hivyo mionzi ilimpata kidogo kidogo, na mwili wake ukapata nafasi ya kujitengeneza kati ya pigo na pigo.