Hasimu Wako Akicheza Ugenini

Liko swali moja ambalo wapenzi wa kandanda wa Kalemie hawajalimaliza, wala sioni dalili ya kulimaliza karibuni, nalo ni hili: timu ambayo mtu ameichukia tangu utoto wake, na ambayo kila Jumapili ya ligi huiombea ifungwe, ikitoka nje ya Kongo kwenda kupambana na timu ya Aljeria au ya Afrika Kusini, je, yampasa aiombee ushindi kwa kuwa ni ya nchi yake, au ana haki ya kuendelea kuiombea ifungwe kama ilivyo ada yake? Watu wazima wenye aila zao wamenuniana kwa ajili ya swali hili, nami naliona lina uzito kuliko linavyodhaniwa, kwa maana ndani yake mna jambo la uraia, na uraia katika nchi pana kama yetu haujapata kuwa jambo jepesi.

Ili msomaji alielewe vema, hana budi kwanza autazame mji wenyewe. Kalemie, uliokuwa ukiitwa Albertville zama za Wabelgiji, uko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, pale mto Lukuga unapotoka ziwani kuyapeleka maji yake Lualaba. Na tangu reli ya kutoka Kabalo ilipofika hapa mwaka 1915, bidhaa, barua, wanafunzi na habari za mpira zimekuwa zikipita njia hiyo hiyo kwenda Katanga ya kusini na kurudi. Mpaka mwaka 2015, lilipoundwa jimbo la Tanganyika na Kalemie ikawa makao yake makuu, sisi tulikuwa sehemu ya Katanga, na gavana wetu alikaa Lubumbashi. Kinshasa, kwa upande wake, mtu wa hapa aghalabu haifikii ila kwa ndege, ilhali Kigoma, iliyo nchi nyingine, aifikia kwa chombo cha majini. Basi si ajabu kwamba mapenzi ya mpira nayo yaliifuata reli, yakashukia kwa timu mbili za Lubumbashi zisizopatana.

Timu hizo zilizaliwa mwaka mmoja, 1939. Ya kwanza iliasisiwa na watawa Wabenediktini kwa jina la Saint-Georges, kisha ikaitwa Englebert kwa jina la matairi, na kwa jina hilo ikalitwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, kabla ya kuwa Mazembe tunayoijua leo, yenye jezi nyeusi na nyeupe, iliyolitwaa taji hilo tena mwaka 2009, 2010 na 2015. Ya pili ni Saint-Éloi Lupopo, ya njano na buluu, iliyopewa jina la mtakatifu msimamizi wa mafundi wa chuma, na ambayo asili yake ni wafanyakazi wa reli. Katika mji ambao reli ndiyo iliyoukuza, asili hiyo haiwezi kupita bure: ziko nyumba hapa ambamo baba aliyekula mkate wa reli ni wa Lupopo hadi kaburini, na wanawe wote, kwa kuwa walikua katika zama za makombe, ni wa Mazembe. Nao wa Vita Club na wa Motema Pembe, timu kubwa za Kinshasa, hawakosekani, japo ni wachache.

Mazembe ilipokwenda Abu Dhabi mwezi Desemba 2010, ikazifunga Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu, swali letu lilikuwa limelala. Watoto wa kila timu walikuwa wakirukaruka kwa makalio barabarani kumwiga kipa Kidiaba, na Inter Milan iliposhinda kwa mabao matatu kwa sifuri, huzuni ilikuwa ya wote. Lakini furaha ya namna ile haipimi lolote, kwa sababu ukubwa wa jambo lenyewe ulimchukua kila mtu. Mwaka unaopima ni 2014.

Tarehe 11 Mei ya mwaka huo, katika uwanja wa Tata Raphaël mjini Kinshasa, Vita Club ilikuwa ikicheza na Mazembe mechi ya ligi ya taifa. Mazembe ikaongoza kwa bao moja, vitu vikaanza kurushwa uwanjani, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, na watu walipoikimbilia milango wakakanyagana hata roho zisizopungua 15 zikapotea. Hao walikwenda kutazama mpira, hawakurudi makwao. Basi mwaka huo huo, ilhali matanga bado yamo kumbukumbuni, timu hizo mbili zilijikuta kundi moja katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika, pamoja na Zamalek ya Misri na Al-Hilal ya Sudan, na zote mbili zikapita na kuwaacha Waarabu nyuma. Katika nusu fainali Mazembe ilikutana na Sétif ya Aljeria, ikafungwa 2 kwa 1 ugenini, ikashinda 3 kwa 2 nyumbani, ikatolewa kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Vita ikaingia fainali, nayo ikaikuta Sétif ile ile. Zikatoka 2 kwa 2 Kinshasa na 1 kwa 1 Aljeria, na kombe likachukuliwa kwa kanuni ile ile. Katika muda wa wiki chache, timu moja iliwatoa Wakongomani wawili pasipo kuwashinda dhahiri hata mmoja wao kwa jumla ya mabao.

Usiku wa marudiano ya fainali hiyo nilikuwa katika kibanda cha kuonyeshea mpira, mabenchi yamejaa, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta hata sauti ya mtangazaji ilisikika nusunusu. Sétif ilipofunga, mstari mzima wa vijana wenye fulana nyeusi na nyeupe uliinuka kwa shangwe. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, mwenye kitambaa cha njano na buluu shingoni, aligeuka akawaambia, “Wanangu, hawa si ndio waliowatoa ninyi mwezi jana?” Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, “Ndiyo, baba, lakini Vita ni watu wa Kinshasa, si watu wetu.” Mzee akamwuliza juu ya timu yetu ya taifa, “Na jezi ya Leopards huvaliwa na watu wa wapi?” Kijana hakujibu, na dakika chache baadaye Vita iliposawazisha, benchi lile lilinyamaza.

Jibu la swali la mzee lilikuja lenyewe. Miezi mitatu baadaye, katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Guinea ya Ikweta, Leopards ilitwaa nafasi ya tatu; mwalimu wake alikuwa Florent Ibenge, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wa Vita, na golini alisimama Kidiaba wa Mazembe. Tena haikuwa mara ya kwanza kwa mahasimu kuchangia jezi moja, kwani katika kikosi cha mwaka 1974, kilichokwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani, kipa Kazadi na beki Bwanga walitoka Mazembe, na Ndaye Mulamba, aliyefunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka huo huo, alitoka Vita.

Lakini hata kwa anayesema kwamba hayo ni mambo ya moyo, na moyo hauamrishwi, iko hesabu ambayo naona wengi hawaijui, nayo yafaa ielezwe taratibu. Shirikisho la Afrika, CAF, hupanga nchi kwa alama ambazo klabu zake zimezichuma katika misimu mitano. Bingwa wa Ligi ya Mabingwa huipatia nchi yake alama 6, wa pili 5, anayeishia nusu fainali 4, robo fainali 3, na hata anayeburuta mkia katika kundi huambulia 1. Kombe la Shirikisho nalo lina alama zake, pungufu kidogo. Kisha alama za msimu wa karibuni huzidishwa mara tano, za uliotangulia mara nne, na kuendelea hivyo hata ule wa zamani kabisa, unaohesabiwa mara moja tu. Nchi 12 zinazotangulia hupewa nafasi mbili katika kila shindano, ilhali zilizobaki hupewa moja moja. Alama hizo haziandikwi kwa jina la klabu peke yake: zimo katika akiba ya nchi nzima, na kila timu huteka humo.

Tazama basi yaliyoipata Lupopo. Mwaka 2025 iliingia Ligi ya Mabingwa si kama bingwa wa Kongo, bali kwa ile nafasi ya pili, ikaitoa Orlando Pirates ya Afrika Kusini kwa penalti huko huko kwao, ikafika makundi. Na ile nafasi ya pili ililindwa na nani, ikiwa si na wale waliochuma alama miaka iliyotangulia, na miongoni mwao Mazembe iliyofika nusu fainali mwaka 2024? Mpenzi wa Lupopo aliyeiombea Mazembe itolewe mwaka ule alikuwa, pasipo kujua, akiombea mlango wa timu yake ufungwe.

Ng'ambo ya ziwa maradhi haya yako pia, tena makali. Yanga na Simba zina uhasama wa tangu miaka ya 1930, na timu ya kigeni inapokuja Dar es Salaam kucheza na mojawapo, wapenzi wa ile nyingine huonekana wamevaa rangi za wageni. Mwaka 2023 Yanga iliifunga Mazembe nyumbani na ugenini katika Kombe la Shirikisho, ikafika fainali, na mfungaji bora wa shindano alikuwa Fiston Mayele, Mkongomani aliyetoka Vita. Hapo Kalemie iligawanyika vibaya sana, maana walioishangilia Yanga walikuwa na hoja mkononi: Mayele ni wetu. Mimi nawakubalia wamsifu Mayele, lakini mabao yake yaliandikwa katika daftari la Tanzania.

Wakanada wanalijua swali hili katika mchezo wao wa magongo wa barafuni. Ligi yao, wanayoichangia na Marekani, ina timu 32, na 7 tu ndizo za Kanada. Kombe halijarudi kwao tangu Montreal ilipolichukua mwaka 1993, na Toronto haijalishika tangu 1967, mwaka ule ule Englebert ilipopanda kilele cha Afrika kwa mara ya kwanza. Edmonton ilipocheza fainali mwaka 2024 na 2025, ikashindwa mara zote mbili na timu ya Florida, mpenzi wa Toronto aliulizwa kama atamshangilia hasimu wake kwa ajili ya nchi. Yeye ana udhuru ambao sisi hatuna, kwani ushindi wa Edmonton haumwongezei nafasi wala alama, na timu ya Florida yenyewe imejaa wachezaji wa Kanada.

Najua yako machungu yaliyo mazito kuliko mpira. Katanga na Kinshasa zimeshapigana, kuanzia ule utengano wa mwaka 1960 hadi 1963. Tena wako wanaoipenda au kuichukia Mazembe kwa sababu ya siasa za rais wake, Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga. Mtu mwenye jeraha halazimishwi kuimba, na serikali ikimwamuru aimbe itakuwa imemdhulumu. Hukumu yangu ni kwamba ana haki ya kunyamaza, ila hana haki ya kuwashangilia wageni. Nawaomba basi wapenzi wa Kalemie, wa Mazembe na wa Lupopo na wale wachache wa Kinshasa, mechi ya Afrika itakapoonyeshwa tena, asiyeweza kumshangilia hasimu wake na akae benchini kimya mpaka kipenga cha mwisho, kisha Jumapili ya ligi aje na uhasama wake wote.