Je, Wajua? Milioni Mbili Walijibu, Jibu Likawa Potofu

Simama stejini katika mji wa chai wa Kiriaini saa nne asubuhi, uwaulize wapita njia maswali yako. Je, wajua umeshawaacha nje wengi wanaochuma chai wakati huohuo? Hata ukiuliza watu elfu, wachumaji hao bado wako shambani!

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi milioni 10 za kura ya maoni kuhusu uchaguzi wa rais, zikarudi zaidi ya milioni 2. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari. Alf Landon, aliyetabiriwa ushindi, aliambulia majimbo 2 kati ya 48! Mpima maoni George Gallup aliuliza watu wapatao 50,000 tu, akamtaja mshindi halisi, Roosevelt.

Sikia hii sasa. Mwaka 2018 mtakwimu Xiao-Li Meng wa Harvard alipima upendeleo wa nani anajibu na nani ananyamaza katika uchaguzi wa Marekani wa 2016. Akakuta kwamba majibu ya watu milioni 2.3 yangekuwa na thamani ya watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Mia nne, msomaji wangu!

Na wajua mwaka 2021 uchunguzi wa Facebook nchini Marekani ulipata majibu 250,000 kila wiki? Mwezi Mei ulizidisha kiwango cha waliochanjwa corona kwa pointi 17 za asilimia. Kura ya maoni ya Axios na Ipsos iliuliza watu 1,000 hivi, ikakaribia ukweli.

Tuje kwetu. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa miaka 3 na zaidi wakitumia intaneti. Ukiuliza mtandaoni wakati ule, karibu wanne kati ya watano hawakusikii!

Hii ndiyo naipenda kuliko zote. Mwaka 2020 watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust kule Kilifi walipima kingamwili za corona katika damu ya wachangiaji 3,098, wengi wao wanaume. Hakuna aliyechaguliwa kwa nasibu. Kila mmoja alikuja kutoa damu kwa sababu yake. Wakasawazisha kwa umri, jinsia, eneo na makosa ya kipimo chenyewe, na asilimia 5.6 ikashuka hadi 4.3. Bado ni karibu mtu mzima 1 kati ya 20, nchi nzima!

Ya mwisho, usiondoke. Kati ya 2008 na 2009 nyendo za simu karibu milioni 15 za Wakenya zilirekodiwa, na wenye simu hawakufanana na wasio nazo kwa mali wala mahali. Watafiti walipokagua, makadirio ya safari za watu hayakuyumba sana!