Mila za Wakusanyaji wa Bunduki za Silinda na Risasi Zake za Kale

Miongoni mwa wakusanyaji wa silaha za kale katika Marekani na Ulaya limo kundi dogo lenye mila zake, ambalo hushughulika na bunduki za silinda pamoja na risasi zake ambazo viwanda viliacha kuzitengeneza zamani. Bunduki ya silinda ni bunduki ndefu yenye mtutu na kitako cha kuegemezwa begani, lakini nyuma ya mtutu huo huwa na silinda, yaani pande la chuma la mviringo lenye matundu, mara nyingi matano au sita, ambalo huzunguka kila nyundo inapovutwa na kuleta tundu lenye risasi mbele ya nyundo hiyo. Silaha hizi zilitumika kwa muda mfupi kisha zikaachwa, na mila za wanaozitunza leo haziwezi kueleweka bila kwanza kueleza sababu za kuachwa kwake.

Samuel Colt, aliyepata hataza yake ya Marekani mwaka 1836, alianza kutengeneza bunduki za silinda mjini Paterson, New Jersey, na mwaka 1838 aliuza bunduki 50 kwa jeshi la nchi yake lililokuwa likipigana na Waseminole huko Florida. Katika zama ambazo mwenye gobori alilazimika kushindilia baruti upya kwa mdeki kila baada ya mlio mmoja, silaha iliyoweza kufyatua mara kadhaa mfululizo ilikuwa na mvuto mkubwa, lakini ilikuwa pia na dosari mbili zisizotibika kwa urahisi. Ya kwanza ni kwamba moto na vipande vya risasi vilipenya kwenye mwanya ulio kati ya silinda na mtutu, vikamfikia mpigaji ambaye mkono wake wa kushoto ulishika bunduki mbele ya mwanya huo. Ya pili ni kwamba cheche ya tundu moja iliweza kuwasha baruti ya matundu mengine, yote yakalipuka kwa pamoja, na ndiyo sababu watumiaji waliziba midomo ya matundu kwa mafuta mazito.

Bunduki ya Colt ya mwaka 1855 ilitumika katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na tarehe 20 Septemba 1863, katika mapigano ya Chickamauga, kikosi cha 21 cha Ohio kiliwazuia maadui kwa saa kadhaa kwa kutumia bunduki za aina hiyo zenye matundu matano, mpaka risasi zake zikaisha na askari wengi wakatekwa, kwa kuwa risasi za bunduki nyingine zilizokuwapo hazikufaa vizuri. Kisa hicho husimuliwa sana na wakusanyaji kwa kuwa kinabeba kanuni ya kwanza ya jamii yao, kwamba bunduki na risasi yake ni kitu kimoja, na anayekusanya moja bila kuielewa nyingine amekusanya nusu.

Kwa sababu hiyo mkusanyaji hutarajiwa kuzijua risasi kwa vizazi vyake. Kizazi cha kwanza ni baruti na kichwa cha risasi vilivyofungwa katika karatasi nyembamba, vikiwashwa na fataki, yaani kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka kikigongwa. Kikafuata kizazi cha risasi za pini, kinachohusishwa na jina la Lefaucheux wa Ufaransa, ambamo ganda lilitokeza ubavuni kijiti cha chuma kilichogongwa na nyundo. Kisha zikaja risasi zinazogongwa ukingoni mwa kitako cha ganda, na hatimaye zile zinazogongwa katikati, ambazo ndizo zilizoenea hadi leo. Mfano unaothaminiwa sana ni bunduki ya silinda ya Smith & Wesson, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1879 kwa idadi isiyofika 1,000, ambayo risasi yake ya pekee ilikuwa na kichwa kilichozama chote ndani ya ganda. Risasi hiyo haikufaa katika silaha nyingine zilizozoeleka, hivyo soko la bunduki lilipofifia na risasi nayo ikatoweka, na leo kisanduku chake cha karatasi chenye lebo nzima hutafutwa kwa bidii kama bunduki yenyewe.

Adabu za jamii hii zinaanzia kwenye mikono. Mgeni hashiki silaha bila kuomba ruhusa, na akikabidhiwa huhakikisha kwanza kuwa haina kitu ndani, huelekeza mtutu pasipo na mtu, wala haachii nyundo igonge kavu, kwa kuwa chuma cha kale huweza kuvunjika. Kusugua silaha ili ing'ae huhesabiwa kuwa uharibifu, kwani rangi iliyotokana na umri ni ushahidi ambao hauwezi kurudishwa. Nambari za silinda, fremu na mtutu hulinganishwa ili kujua kama vipande vyote vilitoka kiwandani pamoja, na muuzaji anayeficha kipande kilichobadilishwa hupoteza heshima mbele ya wenzake. Risasi nazo zina miiko yake: hazihifadhiwi katika makabati ya mti wa mwaloni, kwa kuwa mvuke wa asidi utokao katika mti huo huozesha madini ya risasi na kuacha unga mweupe wenye sumu, na alama zilizogongwa kwenye kitako cha ganda husomwa kwa makini kwa kuwa mara nyingi humtaja mtengenezaji.

Sheria nayo imeingia katika mila hizi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1968 huihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale. Nchini Uingereza umri peke yake hautoshi: kwa silaha nyingi zinazotumia risasi za maganda, aina ya risasi lazima iwe katika orodha ya zilizopitwa na wakati, na mwenye silaha lazima aihifadhi kama kitu cha kale au pambo tu. Kanuni za mwaka 2021 ziliondoa aina saba za risasi katika orodha hiyo, baada ya wahalifu kutumia silaha za kale zilizotengenezewa risasi mpya. Tangu hapo mkusanyaji mwenye busara humkwepa mnunuzi anayeuliza zaidi namna ya kupata risasi za kufyatua kuliko historia ya silaha, kwa kuwa uhuru wa jamii nzima umeegemea ukweli kwamba risasi hizo hazipatikani tena madukani.

Kwa ujumla, hii ni jamii inayotunza kumbukumbu za jaribio la ufundi lililoshindwa, na thamani ya kazi yake imo katika kujizuia: kutosugua, kutobadilisha na kutofyatua. Mkusanyaji anayeivunja miiko hiyo hajiharibii mwenyewe tu, bali huwapa watunga sheria sababu ya kuwanyang'anya wenzake wote kile wanachokihifadhi.