Mundu Ndani ya Tone la Damu

Katika vituo vya afya vya Kigali, tone la damu hutolewa kidoleni, likapakwa juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini ili kutafuta malaria. Kioo hicho hicho chaweza kufichua jambo jingine: badala ya chembe nyekundu za mviringo, chembe zilizopinda mfano wa mundu wa kukatia mtama.

Daktari James Herrick wa Chicago alizieleza mwaka 1910. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi; iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu, tena huziba mishipa midogo, na hapo mtoto hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa.

Asili yake ni jeni moja iliyobadilika. Mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama pia, huugua. Aliyeirithi kwa mmoja tu huishi mzima. Na mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba watu hao wana kinga dhidi ya malaria. Ndiyo sababu jeni hiyo haikutoweka katika nchi zetu.

Hapa ndipo wachumba, askari kwa raia, hudanganyika. Damu ya mbebaji huonekana safi kiooni. Kipimo cha kutenganisha himoglobini ndicho kimtambuacho. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Nilipokuwa mwalimu, baba mmoja aliniambia kwamba, maadamu kifungua mimba wake ni mgonjwa, watatu wafuatao wamesalimika. Hesabu haiendi hivyo. Mtoto wake wa pili naye alizaliwa nao.