Kenya: Dhamana ya Serikali na Kombaini ya Ngano

Ngano ikishaiva haimsubiri mtu. Mvua ikiinyeshea ingali shambani, punje huchipua katika suke, na unga wake haufai tena kwa mkate. Ndiyo sababu katika nchi jirani ya Kenya, kwenye nyanda za Narok na Uasin Gishu, mkulima wa ekari chache humtegemea mwenye kombaini, ambaye huvuna kwa malipo ya kila ekari kisha akahamia shamba jingine. Mashine ikichelewa juma moja, jasho la miezi mingi laweza kupotea.

Kombaini ni ghali, na makampuni mengi ya kuvuna ni madogo. Hapo ndipo lizukapo suala la dhamana ya Serikali.

Ndugu wasikilizaji, dhamana si ruzuku. Benki ndiyo hutoa fedha. Serikali huahidi kubeba sehemu ya hasara endapo deni halitalipwa. Mkopaji hudaiwa vilevile.

Jambo hili si geni nchini Kenya. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilihitaji nafaka nyingi. Ikaanzisha mpango wa kumhakikishia mlimaji wa ngano na mahindi kiasi fulani cha fedha kwa kila ekari, hata mazao yakiharibika bila kosa lake. Ahadi hiyo ikatumika kama rehani ya mikopo ya msimu. Walionufaika walikuwa walowezi. Mwafrika aliachwa nje. Baada ya uhuru mpango uliendelea na kuwafikia Waafrika, lakini si wale wenye vishamba. Madeni yakalimbikizana, na mwishoni mwa miaka ya 1970 mpango ukafikia kikomo. Ahadi iliyokuwa ngao ya mkulima, kwa wengine iligeuka kichaka cha kujifichia deni.

Hatua mbili za karibuni zimemgusa zaidi mwenye mashine. Kwanza ni sheria ya mwaka 2017 iliyowezesha mali inayohamishika kuandikishwa kuwa rehani. Asiye na hati ya ardhi aweza kuweka rehani kombaini yenyewe. Pili, mwezi Desemba 2020 Serikali ilizindua mpango wa kudhamini mikopo ya biashara ndogo na za kati, ikianza na mabenki saba.

Hata hivyo, ugumu mkubwa umo katika tarehe za kulipa. Mvunaji hupata fedha zake katika majuma machache ya mwaka. Narok huvuna mapema kuliko Uasin Gishu, hivyo mwenye bidii huongeza siku za kazi kwa kuifuata ngano inavyokomaa. Miezi iliyobaki mashine hulala bandani. Benki ikidai malipo sawa kila mwezi, kampuni hushindwa hata kama ilivuna vema. Tena mkanda ukikatika katikati ya msimu na kipuri kikawa mbali, siku zilizopotea hazirudi. Askari aliyepata kutunza gari la kikosi analijua hilo bila kufundishwa.

Kwa hiyo askari anayekaribia kustaafu, mwenye nia ya kutia kiinua mgongo chake katika biashara ya namna hii, aulize kwanza mambo mawili kabla ya kutia sahihi: malipo yataanza mwezi gani, na vipuri vitatoka wapi.