Dizeli Inapofuata Petroli

Wengi wetu tunaiogopa petroli na kuizoea dizeli. Kwa lori la mafuta linalopakia kwenye bohari, mazoea hayo ni ya hatari. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa. Ndani ya tangi linalojazwa petroli, hasa kwenye joto letu, mvuke kwa kawaida huwa mwingi kupita kiwango hicho, hivyo cheche ikiruka humo haipati hewa ya kutosha. Lakini tangi lililotoka kushusha petroli likipakia dizeli, mambo hubadilika: dizeli huunyonya mvuke uliobaki, nao hupungua hadi kuangukia katika kiwango kinachowaka. Papo hapo dizeli yenyewe, ikipita kwa kasi bombani na hasa kwenye kichujio, hujikusanyia umeme tuli na kuupoteza polepole. Mvuke huo unahitaji cheche ya milijuli 0.3 tu, ambayo kidole hakiisikii. Tena, usafishaji unaoondoa salfa, ambao kwa mapafu yetu ni neema, huondoa pia chembechembe zinazosaidia mafuta kupitisha umeme. Ndiyo maana dizeli ya siku hizi hutiwa dawa ya kurudisha uwezo huo.

Atasema mtu: hewa ya Dar es Salaam au Mombasa ina unyevunyevu, umeme tuli utatoka wapi? Unyevu husaidia juu ya nguo na plastiki. Umeme huu huzaliwa ndani ya bomba, ambako hewa haifiki. Mwingine atasema waya wa ethi umeshafungwa. Ni lazima ufungwe, tena kabla ya kuunganisha bomba, na kibanio kishike chuma kitupu, kwa maana kikibana rangi au kutu ni sawa na hakipo. Hata hivyo, waya huondoa umeme wa bodi. Ulio juu ya mafuta huchukua muda kutulia. Kwa hiyo mafuta yaanze kwa mwendo usiozidi mita 1 kwa sekunde mpaka mdomo wa bomba uzame. Kuhusu foleni, ambayo ndiyo hoja nzito kwa wenye malori, bomba la milimita 100 kwa mwendo huo humimina karibu lita 470 kwa dakika, na mdomo huzama upesi. Upakiaji ukiisha, fimbo ya kupimia isubiri angalau dakika moja.