Jumba la Gunzert: Historia ya biashara ya ziwa iliyokaa juu ya mawe

MGENI anayetoka Serengeti kwa barabara ya Musoma hupita Igoma, kisha eneo la viwanda la Nyakato, ndipo anapoingia katikati ya Jiji la Mwanza. Hapo, juu ya msongamano wa soko na wamachinga, kuna kilima cha mawe chenye jumba la Wajerumani kileleni. Kilima kinaitwa Robert Koch na jumba linaitwa la Gunzert.

Koch alikuwa daktari aliyetambua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Alifika Mwanza mwaka 1906 akichunguza malale, ugonjwa uliokuwa umeua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda. Hakukaa sana. Wagonjwa aliowakuta Mwanza walikuwa wachache, akahamia visiwa vya Ssese alikowatibu watu kwa atoxyl, dawa yenye arseniki ambayo iliwapofusha baadhi yao. Ndiyo kusema kilima kimebeba jina la mpita njia.

Theodor Gunzert ndiye hasa anayehusika na biashara ya mji huu. Alikuwa mkuu wa wilaya, au bwana shauri kama walivyoitwa enzi hizo, kuanzia mwaka 1907 hadi Vita Kuu ya Kwanza. Wakati walowezi wa sehemu nyingine za koloni wakidai mashamba makubwa na vibarua wa bei rahisi, Gunzert alikuwa na msimamo tofauti. Kwake, uchumi wa kanda hii ungejengwa na wakulima Waafrika wanaolima katika ardhi yao wenyewe. Hakuwa mkombozi wa mtu, kwani kodi ilikusanywa na amri zilitoka juu. Hata hivyo, katika hilo la kilimo historia haikumwumbua.

Ukisimama kileleni unaiona bandari. Wajerumani walianzisha Mwanza kama kituo cha utawala mwaka 1892, na pamba ilikuwa mojawapo ya mazao waliyoyalenga. Lakini reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikaelekea Kigoma, na Mwanza haikuguswa. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu tangu Desemba 1901. Matokeo yake, ngozi, karanga na pamba za wakulima wa koloni la Ujerumani zilipakiwa kwenye meli za Waingereza na kutoka kupitia Mombasa. Serikali ilikaa kilimani, nauli ilikwenda kwa jirani!

Julai 1916 Waingereza waliuteka mji. Reli ya Tabora-Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na miaka iliyofuata utafiti wa pamba ukashika mizizi Ukiriguru, ambako ndiko zilikotoka mbegu za UK zinazofahamika kwa kila mkulima wa Usukumani.

Kilichobaki kuwa kero ni mizani. Wakulima walilalamika kuwa wanunuzi waliwapunja kilo. Kutokana na malalamiko hayo vyama vya ushirika vilienea miaka ya mwanzo ya 1950, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wake wakuu, na mwaka 1955 vikaunda muungano wa Victoria Federation of Co-operative Unions, mtangulizi wa Nyanza. Haukupita muda, pamba yote ya kanda ikawa inapitia mikononi mwa ushirika. Wakulima aliowatetea Gunzert katika barua zake za kiofisi sasa walikuwa na ofisi zao wenyewe.

Jumba lenyewe halikuwa na bahati hiyo. Vitabu vya kuongoza watalii vya miaka ya 2000 na 2010 vilisifia mandhari yake, lakini vikaongeza kuwa halitumiki na limechakaa. Mwanza haikosi wateja wa historia ya namna hii, kwani tangu mwaka 1966 ina udugu na mji wa Würzburg wa Ujerumani, na lango la Ndabaka la Serengeti liko mwendo wa saa chache tu.

Arusha walifanya vinginevyo. Boma lao la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900, liligeuzwa makumbusho ya viumbe mwaka 1987 na mgeni hulipa kiingilio.

Ugumu mwingine uko kwenye sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye, yakiwamo yote ya Wajerumani, hulindwa endapo tu waziri atayatangaza. Bila tangazo hilo, jumba la kilimani mbele ya sheria hiyo ni sawa na nyumba nyingine yoyote iliyo katika kiwanja kizuri katikati ya jiji.